Dawa za Mitishamba na Tezi Dume Iliyokua: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Dukani Mombasa

Maswali ya tezi dume hayaulizwi kwa sauti kubwa. Mteja husubiri foleni iishe, akaegemea kaunta, kisha akaanza na "nina rafiki yangu mmoja hivi". Wengine hawaji kabisa. Anayekuja ni mke au binti, swali ameliandika kwenye kikaratasi. Haya hapa ndiyo yanayorudi kila wiki, nasi tunayajibu kama tunavyoyajibu dukani, bila kuidharau mitishamba na bila kuipamba.

Tezi dume ni nini, na mbona inakua uzeeni?

Ni tezi aliyo nayo kila mwanamume. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Kwa kijana ni kama ndimu ndogo, gramu 20 hivi. Mtu akishaingia miaka ya arobaini huanza kukua tena polepole, ikisukumwa na homoni za kiume, hasa ile iitwayo dihidrotestosteroni. Tezi zilizochunguzwa kwa darubini zimeonyesha ukuaji huu kwa takriban nusu ya wanaume wa miaka 51 hadi 60, na kwa zaidi ya wanane katika kila kumi waliovuka 80. Kwa hiyo si laana, si malipo ya ujana wa fujo, na hayo ya barazani kwamba mzee "alikaa muda mrefu bila mke" hayana msingi.

Ukubwa na usumbufu haviendi pamoja. Kuna mwenye tezi kubwa sana analala mpaka alfajiri, na mwenye tezi iliyozidi kidogo tu anaamka mara tano. Kinachotesa ni jinsi mrija unavyobanwa na jinsi misuli ya shingo ya kibofu inavyokaza.

Nitajuaje kama shida yangu ni tezi dume?

Dalili zinajulikana: mkojo unachelewa kuanza, unatoka mwembamba, unakatika katikati, unamaliza lakini unahisi bado umo. Usiku unaamka mara kwa mara. Ukiwa njiani unatafuta choo kwanza kabla ya jambo lolote, na foleni ya feri ya Likoni inakuwa adhabu. Madaktari hutumia maswali saba yenye alama kuanzia 0 hadi 35: alama 0 hadi 7 ni hali nyepesi, 8 hadi 19 ya kati, 20 kwenda juu ni nzito. Mwombe daktari au mfamasia wako ayajaze pamoja nawe. Karatasi hiyo itakusaidia baadaye, kama utakavyoona chini.

Ila dalili hizohizo huletwa na mambo mengine. Kisukari humfanya mtu akojoe sana. Maambukizi ya njia ya mkojo huchoma na kuharakisha. Kisonono cha zamani kisichotibiwa vizuri huacha kovu ndani ya mrija, na kovu hilo hubana hata kwa mtu wa miaka thelathini. Mawe ya kibofu nayo yapo. Na kwetu Pwani kuna kichocho, hasa kwa waliokulia kwenye mabwawa na mito ya Kwale, Kilifi na Tana River: damu kwenye mkojo wa mtu aliyeogelea huko isipelekwe moja kwa moja kwenye tezi dume. Isipuuzwe pia, kwa sababu damu kwenye mkojo wa mtu mzima yeyote inahitaji kuchunguzwa.

Na tafadhali, busha si tezi dume, wala ngiri si tezi dume. Tunaona wanaouziwa dawa moja kwa yote matatu.

Kuna mmea uliothibitishwa kweli?

Hapa inabidi tuende mmoja mmoja, kwa sababu jibu linatofautiana.

Tuanze na wa kwetu. Prunus africana ni mti wa misitu ya nyanda za juu: Kakamega, Mlima Kenya, Aberdare. Wakikuyu wanauita muiri, Wakalenjin tendwet. Pwani hauoti, kwa hiyo ukiambiwa gome limechunwa nyuma ya Mariakani, shuku. Dondoo la gome lake, yaani kiini kilichotolewa kwenye gome, limekuwa likitumika kama dawa ya tezi dume Ufaransa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwenye chupa huandikwa "pygeum". Majaribio 18 yenye wanaume 1,562 yaliyochambuliwa kwa pamoja mwaka 2002 yalionyesha kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, mkojo unaobaki kibofuni kwa asilimia 24, na kasi ya mkojo iliongezeka kwa asilimia 23. Si haba. Kasoro ni kwamba majaribio yenyewe yalikuwa mafupi, mengi ya miezi michache tu, na mengine hayakufanywa kwa umakini unaotakiwa leo. Tunasema hivi: kati ya mimea inayouzwa kwa ajili hii, muiri una hoja, lakini hoja hiyo haijakamilika.

Jambo jingine kuhusu muiri. Vitu vinavyofanya kazi ndani ya gome ni vya asili ya mafuta, na viwandani hutolewa kwa kemikali maalumu, si kwa maji. Gome ulilolichemsha kwenye sufuria jikoni na dondoo lililopimwa, miligramu 100 kwa siku, ni vitu viwili tofauti hata kama mti ni mmoja. Isitoshe, mti huu ulichunwa magome kwa pupa sehemu nyingi za Afrika mpaka biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote, unakufa.

Wa pili ndio maarufu kuliko yote: saw palmetto, mkindu mfupi wa Florida na majimbo jirani ya kusini-mashariki mwa Marekani. Matunda yake yamekaushwa na kukamuliwa kwa miongo mingi, na ndiyo yaliyomo kwenye chupa nyingi za bei kali unazoziona kwenye rafu za mjini. Kwa muda mrefu tafiti ndogo zilikuwa zikiusifu. Kisha yakafanyika majaribio makubwa na ya uangalifu. Mwaka 2006 wanaume 225 walipewa ama dondoo, miligramu 160 mara mbili kwa siku, ama kidonge kisicho na dawa, mwaka mzima. Hakukuwa na tofauti. Watetezi wakasema dozi ilikuwa ndogo. Mwaka 2011 likatolewa jaribio jingine, wanaume 369, dozi ikapandishwa hatua kwa hatua mpaka mara tatu ya kawaida kwa wiki 72. Bado hakuna tofauti. Uchambuzi wa 2023 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, ukafikia palepale. Ulaya kuna dondoo moja maalumu la mmea huu ambalo wakaguzi wa dawa bado wanalikubali, na mjadala wake haujazikwa, lakini chupa ya kawaida ya dukani si lile. Sisi tunaiuza kwa anayeitaka, na tukiulizwa tunamwambia haya kabla hajatoa pesa.

Mbegu za maboga ni habari nyingine. Jaribio moja la Ujerumani lenye wanaume 1,431 lilidumu mwaka mmoja. Waliokula mbegu zenyewe, gramu 5 asubuhi na 5 jioni, walipata nafuu kidogo zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa vidonge vya dondoo la mbegu hizohizo hawakupata. Ni faida ndogo, lakini ni chakula, ni rahisi, na Kongowea zinapatikana. Ukitaka kutafuna, tafuna, ila zisitiwe chumvi kama una presha.

Sitosteroli ni aina ya mafuta inayopatikana kwenye mimea mingi, ukiwemo muiri wenyewe. Majaribio machache, mojawapo la Ujerumani la 1995 lenye wanaume 200, yalionyesha dalili kupungua na mkojo kwenda vizuri zaidi. Ukubwa wa tezi haukubadilika.

Mzizi wa thabai, ule mmea wa bara unaowasha, unatumika sana Ujerumani. Ushahidi wake ni wa wastani kwenda chini.

Na muarobaini, habasoda, mlonge, tangawizi?

Tunaijua heshima ya muarobaini hapa Pwani, na habasoda ina nafasi yake katika kila nyumba ya Mji wa Kale. Kwa tezi dume mahsusi, hakuna jaribio kubwa la kuaminika kwa binadamu linaloonyesha kwamba mojawapo linafungua mkojo. Habasoda kwenye chai haina neno. Muarobaini uliochemshwa mchungu na kunywewa kila siku kwa miezi ni jambo jingine. Ini na figo za mzee si za kuchezewa.

Lakini jirani yangu alikunywa akapona.

Hatumwiti jirani mwongo. Dalili za tezi dume hupanda na kushuka zenyewe, na mtu hutafuta dawa siku zikiwa mbaya zaidi. Hata asingekunywa kitu, kuna uwezekano mkubwa angepata nafuu wiki chache baadaye. Ndiyo sababu kila jaribio zuri lina kundi linalopewa kidonge kitupu, na katika ugonjwa huu kundi hilo huripoti nafuu kubwa. Zaidi ya hapo, anayeanza dawa mara nyingi huacha pia kahawa ya usiku na soda. Sifa zote zinakwenda kwa chupa.

Nimeuziwa unga usio na jina sokoni Marikiti. Niutumie?

Hapana. Anayeuza huenda ni mtu mwema na anaamini anachokiuza, lakini wewe huwezi kujua ni mmea gani, ni kiasi gani, wala umechanganywa na nini. Duniani kote bidhaa za "asili" za wanaume, hasa zinazoahidi nguvu, zimekamatwa zikiwa na sildenafili, ile dawa iliyomo kwenye Viagra, iliyofichwa ndani. Kwa mzee mwenye dawa ya moyo ya aina ya naitreti, mchanganyiko huo unaweza kuishusha presha yake mpaka akaanguka.

Ukinunua, nunua iliyo na jina la mmea, kiasi cha dondoo kwa miligramu, jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho, na usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya. Ahadi ya "kuponya kabisa kwa siku saba" ikiwa kwenye karatasi, irudishe.

Je, mitishamba inapunguza ukubwa wa tezi?

Hakuna dondoo lililoonyesha hivyo kwa uhakika. Linalofanya hivyo ni dawa ya hospitali, finasteridi, inayoipunguza tezi kwa robo hivi, na inataka miezi sita ya subira. (Kidonge chake kilichovunjika kisishikwe na mwanamke mjamzito, kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.) Tamsulosini, dawa nyingine ya hospitali, haipunguzi tezi, bali hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na nafuu huonekana ndani ya siku chache. Ina kasoro zake: kizunguzungu ukiinuka ghafla, na shahawa kutotoka kama zamani. Na kama umepangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba unaitumia au umewahi kuitumia, kwa sababu hulegeza mboni na kuutatiza upasuaji. Hili wazee wengi hawaambiwi.

Naweza kuchanganya dondoo na dawa zangu za hospitali?

Kwa muiri na mbegu za maboga, madhara yaliyoonekana kwenye tafiti ni tumbo kuchafuka kidogo. Saw palmetto imehusishwa na visa vichache vya kuvuja damu, kwa hiyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini au aspirini, aulize kwanza, na anayekwenda kufanyiwa upasuaji amwambie daktari mapema aiache. Usiache dawa ya presha au ya sukari ili "kuupa mti nafasi". Hilo ndilo linalotuletea wagonjwa wenye hali mbaya zaidi.

Tukiwa hapohapo: kama dawa yako ya presha ni ile ya kukojosha na unainywa jioni, huenda ndiyo inayokuamsha. Muulize daktari kama inaweza kuhamishwa asubuhi.

Je, tezi iliyokua hugeuka kansa?

Haigeuki. Ni magonjwa mawili, ila yanaweza kukaa ndani ya tezi moja kwa wakati mmoja, na kansa ya tezi dume mwanzoni huwa kimya kabisa. Hii ndiyo hatari halisi ya mitishamba kwa maoni yetu: si sumu, ni miaka inayopita mtu akijitibu kitu ambacho hakijapimwa. Kansa hii ni miongoni mwa zinazowapata zaidi wanaume Kenya, na wanaume weusi wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Pima kwanza, kisha kunywa gome lako.

Kipimo cha damu cha PSA, kinachotumika kutafuta dalili za kansa hii, kinaweza kupanda kwa sababu ya tezi iliyokua tu, au maambukizi, au mpira wa mkojo uliowekwa karibuni, au hata tendo la ndoa siku mbili zilizotangulia. Saw palmetto haikivurugi. Finasteridi inakishusha kwa nusu hivi, kwa hiyo anayepima lazima ajue unaitumia, la sivyo atasoma namba nzuri isiyo ya kweli.

Nikila muguka mkojo unakataa. Ni mawazo tu?

Si mawazo. Kemikali za miraa na muguka hukaza misuli ya shingo ya kibofu, na wanaume wenye afya waliopimwa baada ya kutafuna miraa walionekana mkojo wao ukienda polepole. Dawa za jamii ya tamsulosini ziliondoa athari hiyo, jambo linaloonyesha ni misuli ileile. Kwa mwenye tezi iliyokua, kipindi kirefu cha muguka kikifuatwa na usingizi mzito kinaweza kuishia hospitalini.

Vilevile dawa za mafua. Nyingi zina kitu cha kufungua pua na kingine cha kukausha makamasi, na vyote viwili hufunga mkojo. Ukija kununua ya mafua, sema una tezi dume.

Kahawa chungu ya jioni si haramu kwako, ila vikombe vitatu baada ya isha usitarajie kulala.

Nipunguze maji ili nisiamke?

Kwa joto la Mombasa, kunyima mwili maji mchana kunaleta mawe na maambukizi. Kunywa vizuri mpaka magharibi, kisha punguza saa mbili au tatu kabla ya kulala. Ramadhani mpango huu unapinduka; sambaza maji baina ya futari na daku, usiyanywe yote kwa pamoja, na chai ya rangi isichukue nafasi yake.

Nikimaliza mkojo, matone yanafuata kwenye nguo. Swala yangu?

Swali hili linaulizwa kwa uchungu kuliko yote, na tunaliheshimu. Kwa upande wa tiba: matone hayo ni mkojo uliobaki kwenye kipinda cha mrija. Ukimaliza, subiri kidogo, kisha kwa vidole bonyeza taratibu nyuma ya korodani, kwenye sehemu iliyo kati yake na njia ya haja kubwa, na usogeze mbele kuelekea mwanzo wa dhakari. Rudia. Wengi huona matone yanakatika. Kukaa badala ya kusimama nako husaidia kibofu kumaliza.

Kwa upande wa dini, mwenye mkojo usiozuilika ana hukumu yake, na katika madhehebu ya Shafi ni kutia udhu kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia. Muulize sheikh wako akuelekeze. Kuna wazee walioacha msikiti kwa miaka kwa jambo ambalo fiqhi imeshalitolea nafasi.

Mitishamba hii huongeza nguvu za kiume?

Hapana. Wala haiziondoi.

Mkojo umefunga kabisa tangu jana usiku. Ninywe nini?

Usinywe chochote, hata maji. Nenda hospitali sasa hivi, usiku kama ni usiku. Kibofu kilichofunga kina maumivu makali na figo ziko hatarini. Huwekwa mpira, mkojo ukatoka, na nafuu ni ya papo hapo. Damu yenye mabonge, homa na baridi kali, au mkojo unaovuja wenyewe bila kuhisi ni sababu nyingine za kwenda bila kusubiri.

Nimeamua kujaribu muiri. Nipe muda gani?

Baada ya kupimwa mkojo, sukari, figo na PSA, na daktari akikubali kwamba hali yako ni nyepesi au ya kati, jaza ile karatasi ya maswali saba na uandike tarehe. Tumia bidhaa moja tu kwa wakati mmoja, kwa wiki nane hadi kumi na mbili. Jaza tena bila kuangalia ya kwanza. Alama zikishuka kwa tatu au zaidi, umepata kitu. Zikibaki palepale, acha, usiongeze dozi na usihamie chupa nyingine ya bei ya juu zaidi. Zikipanda, rudi kwa daktari wiki hiyohiyo.

Baba hataki kwenda hospitali kwa sababu ya "kile kidole". Tumfanyeje?

Mwambie ukweli: uchunguzi huo, daktari kuigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, unachukua chini ya dakika moja, na haufanywi bila idhini yake. Safari ya kwanza inaweza kuwa ya mkojo, damu na ultrasaundi tu. Coast General, ambayo wenyeji bado wanaiita Makadara, inapokea wagonjwa wa aina hii, na kituo cha afya cha karibu kinaweza kuanza vipimo vya awali. Uliza kabla ni kipi SHA, bima ya afya ya serikali, inakilipia. Afadhali aende na mtoto wa kiume au rafiki wa rika lake. Mbele ya binti wazee wengi husema "mimi mzima". Na mfuko wenye chupa zote anazotumia, za hospitali na za mganga, uende naye, pamoja na zile zilizoisha.